Risasi za Kuwinda Kulungu Karibu na Makazi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Wanunuzi wengi huuliza ni risasi gani itakayomwangusha kulungu, ilhali anayewinda jirani na nyumba za watu anapaswa kuuliza kwanza risasi hiyo itaishia wapi ikimkosa mnyama, au ikimpenya na kutokea upande wa pili. Nimezipanga hapa kwa kipimo hicho. Sheria ya mahali isomwe kabla ya kununua, kwa kuwa maeneo mengi yenye makazi hutaja aina ya silaha inayoruhusiwa na umbali unaotakiwa kutoka kwenye nyumba.

Nafasi ya kwanza naipa risasi moja nzito ya bunduki ya marisau. Ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipungua, mtutu ni mpana zaidi) huwa na uzito wa takribani gramu 28, ni pana, hupoteza kasi upesi, na ndani ya mita 70 humwangusha kulungu barabara. Mtutu laini unahitaji ile yenye mifereji ubavuni. Mtutu wenye mifereji ndani unahitaji ile iliyovikwa plastiki, ambayo hulenga vizuri hata kwenye mita 100. Hata hivyo, usalama wake hutiwa chumvi mno. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwaka 2007 ulionyesha kwamba ikipigwa sambamba na ardhi inaweza kudunda na kufika mbali kuliko risasi ya raifali ya .30-06, yenye kasi kubwa. Ndiyo maana nasisitiza kupiga kutoka juu ya kichanja, ili risasi ielekee ardhini, na kamwe mnyama asipigwe akiwa amesimama ukingoni mwa kilima, nyuma yake pakiwa na anga tupu.

Zinafuata risasi za raifali zenye ganda lililonyooka, yaani lisilobanwa shingoni, kama .350 Legend na .450 Bushmaster. Chagua yenye ncha laini inayopanuka. Ukiitoa ndani ya nyama utaikuta imefunguka kama uyoga, na kupanuka huko ndiko kunakoimaliza nguvu mwilini mwa mnyama badala ya kuiacha iendelee na safari. Za shaba tupu hazisambazi vipande vya madini ya risasi kwenye kitoweo, jambo lenye uzito mkubwa kwa nyumba yenye watoto, lakini mara nyingi hupenya hadi nje, kwa hiyo zinadai kingo imara ya udongo nyuma ya shabaha.

Marisau makubwa nayaweka ya tatu kwa shingo upande, kwa sababu kupita mita 30 hivi hutawanyika, na kila punje inayomkosa kulungu inakwenda pasipojulikana.

Raifali zenye kasi kubwa, kama .308 na .30-06, ni za mwisho: risasi yake inaweza kuruka zaidi ya kilomita 4. Zilizofunikwa shaba ngumu hadi nchani, pamoja na .22 ndogo inayojeruhi tu, zisinunuliwe kabisa kwa kazi hii.

Dukani, linganisha maandishi ya boksi na yaliyochongwa kwenye mtutu, urefu wa ganda ukiwamo. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele. Ya geji 12 ikifyatuliwa nyuma yake, mtutu hupasuka. Nunua maboksi mawili yenye namba ileile ya toleo, na moja ulitumie kulenga karatasi kabla ya kuingia porini.