EA Sports College Football 26: Gemu la Kuipima Ratiba Kabla Msimu Haujaanza

Mashabiki wa futiboli ya Kimarekani (si soka) inayochezwa na vyuo nchini Marekani huingoja ratiba kwa hamu ambayo mgeni huona taabu kuielewa mpaka aelezwe hesabu yake. Katika Ligi Kuu ya Tanzania timu 16 hukutana zote, nyumbani na ugenini, na baada ya mechi 30 hakuna awezaye kudai kwamba bingwa alipangiwa wapinzani dhaifu. Kinachobaki kulalamikiwa ni tarehe na viporo. Futiboli ya vyuo haina usawa huo. Katika daraja lake la juu msimu wa 2025 palikuwa na timu 136, na kila moja ilicheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi (makundi ya vyuo vinavyoshindana pamoja) na mchujo wa ubingwa wa taifa, hivyo kujua nani utakutana naye, katika uwanja gani na katika wiki ya ngapi ni kujua nusu ya msimu wenyewe. Ndiyo maana mashabiki hutumia miezi yote isiyo na mechi wakiichambua ratiba, na ndiyo maana nimelihakiki gemu la video la EA Sports College Football 26, lililotoka tarehe 10 Julai 2025, kwa swali moja: je, linamsaidia shabiki kuisoma ratiba ya timu yake vizuri zaidi?

Timu niliyolipimia ni Texas Longhorns, timu ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, kwa sababu ratiba yake ya 2025 ilikuwa na karibu kila jambo ambalo mashabiki hubishania. Texas ilianza msimu ikiwa ya kwanza katika kura ya maoni ya AP, ambayo waandishi wa habari huzipanga timu kwa ubora, jambo ambalo halijawahi kuitokea kabla ya msimu kuanza katika historia yake, na mechi yake ya kwanza ilikuwa ugenini Columbus dhidi ya Ohio State, bingwa mtetezi. Zikafuata mechi tatu nyepesi nyumbani, dhidi ya San Jose State, UTEP na Sam Houston. Kisha likaja jambo ambalo wengi walilipuuza walipokuwa wakihesabu ushindi kwa vidole: baada ya tarehe 20 Septemba na kabla ya tarehe 1 Novemba Texas haikucheza hata mechi moja Austin. Ilikwenda Florida, ikaenda Dallas kukutana na Oklahoma, ikaenda Kentucky, ikaenda Mississippi State, wiki nne mfululizo. Mbele yake ilikuwa bado inasubiriwa na Georgia, ugenini vilevile.

Ndani ya gemu, kipengele kinachomhusu mpenzi wa ratiba kinaitwa Dynasty. Unachukua nafasi ya kocha, unaiongoza timu msimu hadi msimu, unasajili vijana, na kila msimu unaanza ukiwa na ratiba mbele yako. Msimu wa kwanza huja na ratiba halisi ya mwaka ule, ikiwa na wiki za mapumziko mahali pake. Unaweza kucheza kila mechi kwa pedi, unaweza kuiachia kompyuta icheze, na unaweza kuwaalika wenzako mtandaoni hadi mfike watu 32, kila mmoja na chuo chake. Mechi zilizo nje ya konferensi unaruhusiwa kuzibadilisha kabla msimu haujaanza. Ruhusa hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoligeuza gemu hili kuwa chombo cha uchambuzi, kwa kuwa shabiki anaweza kuiondoa Ohio State, akaiweka timu dhaifu mahali pake, na kuangalia msimu unavyobadilika.

Jambo la kwanza ambalo gemu hili linafundisha, na linalifundisha vizuri sana, ni uzito wa uwanja wa ugenini. Unapocheza ugenini kwenye uwanja mkubwa, kelele zikipanda picha hutikisika, michoro inayokuonyesha mipango ya mchezo huvurugika, na wachezaji vijana hupoteza utulivu. Wakati wa toleo la mwaka 2024, watengenezaji walitangaza orodha yao ya viwanja vigumu kuliko vyote, na Kyle Field wa Texas A&M ukashika nafasi ya kwanza. Shabiki anayetazama runinga anajua kwamba kelele zipo. Anayeshika pedi huku kwotabeki wake mchanga, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akishindwa kuisoma safu ya ulinzi anaelewa kwa nini ugenini ni safu ya pekee katika hesabu ya ratiba. Matokeo halisi ya Texas yanaunga mkono jambo hilo kwa nguvu. Ilipoteza mechi tatu katika msimu wa kawaida: 14 kwa 7 mbele ya Ohio State, 29 kwa 21 mbele ya Florida, na 35 kwa 10 mbele ya Georgia. Zote tatu zilikuwa ugenini. Florida ilimaliza msimu ikiwa na ushindi wa mechi nne tu, na shabiki aliyekuwa akitazama majina bila kutazama viwanja aliiandikia Texas ushindi pale bila kufikiri mara mbili.

Jambo la pili ni mfuatano. Gemu hili huhesabu uchovu na maumivu ya mchezaji kwa kila sehemu ya mwili, na mtu aliyegongwa sana haingii mechi inayofuata akiwa mzima kama alivyoanza msimu, hivyo wiki ya mapumziko inakuwa na thamani unayoiona. Hapa ndipo zile wiki nne za Oktoba zinaposomeka. Texas ilishinda tatu kati ya mechi hizo, lakini tazama namna ilivyoshinda: iliishinda Oklahoma 23 kwa 6, ikaivuka Kentucky 16 kwa 13 katika muda wa nyongeza, kisha ikatoka nyuma kwa pointi 17 katika robo ya mwisho na kuishinda Mississippi State 45 kwa 38, tena katika muda wa nyongeza, huku kwotabeki Arch Manning akiwa ametolewa kwa kuumia na mchezaji wa akiba, Matthew Caldwell, akirusha mpira wa ushindi. Kentucky na Mississippi State hazikuwa timu za kuisumbua Texas kiasi hicho kwa majina yao. Kilichoisumbua ni kwamba zilikuja mwishoni mwa safari ndefu. Ninaamini kwamba mchambuzi yeyote wa ratiba anapaswa kuisoma kama mfululizo, na sijaona chombo kingine cha shabiki wa kawaida kinachomlazimisha kufanya hivyo kama hiki.

Mipaka ya gemu nayo ni lazima isemwe waziwazi. Ukiiachia kompyuta icheze msimu mzima mara moja, matokeo yake si utabiri, kwa kuwa ukirudia utapata msimu mwingine kabisa. Wale wanaotangaza kwamba gemu limesema timu fulani itashinda mechi 11 wanalitumia vibaya. Linasaidia unaporudia mara nyingi na kutafuta mechi inayoleta taabu kila mara, au unapobadilisha jambo moja tu na kuacha mengine yote kama yalivyo. Pia uwezo wa wachezaji hutolewa kwa namba ambazo watu fulani wamezikadiria kabla ya msimu. Texas iliyowekwa ndani ya gemu mwezi Julai ilikuwa timu ya matumaini ya Julai, na matumaini hayo ndiyo yale yale yaliyoipa nafasi ya kwanza katika kura ya AP.

Kuna pia ubishi ambao gemu haliwezi kuumaliza, nao ndio ulioumiza zaidi. Texas ilimaliza msimu wa kawaida na ushindi 9 na vipigo 3, baada ya kuifunga Texas A&M, iliyokuwa haijapoteza mechi hata moja, 27 kwa 17. Hata hivyo kamati inayochagua timu za mchujo iliiacha nje ya timu 12 za mchujo wa ubingwa. Kocha Steve Sarkisian alitetea hadharani hoja kwamba timu isiadhibiwe kwa kukubali kwenda Columbus, na mashabiki wengi wakahitimisha kwamba mechi kama ile haina faida, kwamba kama wiki ya kwanza ingekuwa ya mpinzani mnyonge, Texas ingekuwa na ushindi 10. Katika gemu unaweza kuujaribu msimu huo mbadala, na kwa kweli rekodi hupendeza zaidi. Lakini mimi ninapinga hitimisho hilo. Mechi iliyoiangusha Texas mbele ya kamati ilikuwa ile ya Florida, na kuifuta Ohio State kwenye ratiba ili kuificha Florida ni kuwanyima mashabiki mechi bora ya mwaka kwa kosa la mechi nyingine.

Kuhusu historia ya gemu lenyewe nitasema machache, ingawa shabiki mwenye dhamiri anapaswa kuyajua. Mfululizo huu ulisimama baada ya toleo la mwaka 2013, kufuatia kesi iliyofunguliwa mwaka 2009 na Ed O'Bannon, aliyewahi kuchezea mpira wa kikapu UCLA, juu ya matumizi ya sura za wanamichezo wa vyuo bila malipo. Baada ya wanafunzi kuruhusiwa mwaka 2021 kulipwa kwa majina na sura zao, gemu lilirejea mwaka 2024, na kila mchezaji aliyekubali kuwekwa ndani yake alipewa dola 600 na nakala ya gemu. Toleo la 26 liliongeza makocha halisi, ambao hawakuwamo katika toleo la kurejea, na kwa mpenzi wa ratiba hilo lina maana, kwa sababu kukutana na Georgia ya Kirby Smart ni tofauti na kukutana na Georgia inayoongozwa na jina la kubuni.

Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 69.99 kwa toleo la kawaida, na linachezeka kwenye PlayStation 5 na Xbox Series X na S pekee. Mwenye PlayStation 4 au kompyuta hana njia. Kwa mtu anayetaka tu kujua tarehe za mechi, fedha hiyo ni nyingi mno. Kwa mtu ambaye kila mwaka hukaa na wenzake akibishana ni wapi timu itaanguka, ninalipendekeza bila kusita, na ninalipendekeza zaidi likichezwa na kundi mtandaoni, kwa kuwa mwenzako anayeiongoza Oklahoma atakuonyesha udhaifu wa timu yako ambao kompyuta haiuoni.

Nimeanza kulitumia kwa ratiba ya 2026, na hapa inabidi kuwa mwangalifu zaidi. SEC, konferensi ya Texas, inatoka kwenye mechi 8 za ndani, ilizokuwa ikicheza tangu 1992, na kuingia kwenye mechi 9, kila timu ikiwa na wapinzani watatu wa kudumu; wa Texas ni Oklahoma, Texas A&M na Arkansas. Kanuni za konferensi ndani ya gemu zinaweza kurekebishwa kuufuata mpango huo, lakini kikosi hakirekebishiki hivyo, kwa kuwa vijana wanaosajiliwa baada ya msimu wa kwanza ni wa kubuniwa na kompyuta. Kwa hiyo ninaacha kuuliza nani atashinda na ninauliza safari zitakuwa nzito wapi. Ohio State inakuja Austin tarehe 12 Septemba, na gumzo lote liko hapo. Mimi macho yangu yako kwa Tennessee, LSU na Texas A&M, ambazo zote tatu Texas itazifuata kwao, katika viwanja vyenye nafasi ya watu zaidi ya 100,000 kila kimoja, na katika misimu niliyoirudia hadi sasa mechi ya LSU ndiyo inayonisumbua kuliko ile ya Ohio State.