Benzeksoli: tembe moja, wagonjwa wawili nyumbani kwetu

Nimenunua tembe hizi karibu miaka miwili sasa, kwenye maduka ya dawa matatu tofauti hapa Nakuru, kwa hiyo ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Ni tembe ndogo nyeupe za miligramu 5. Wazee wa kliniki bado wanaziita Artane. Bei haiumizi. Hazitibu ugonjwa wa akili wenyewe. Anapewa mtu ambaye dawa za akili zimemkaza mwili.

Mdogo wangu ni kinyozi Bondeni. Siku ya tatu tangu aanzishiwe haloperidoli, dawa ya akili, shingo ilipinda kushoto ikakwama, na macho yakapanda juu yakabaki huko. Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Alinishika mkono akasema kwa taabu, "Dada, macho hayashuki." Majirani wakasema ni mapepo, mmoja akaanza kukemea pale pale mlangoni. Nikamtia kwenye tuktuk. Muuguzi alimtazama mara moja tu, akaniuliza, "Mama, huyu anatumia dawa gani?" Nikamwonyesha pakiti. Akamdunga sindano ya promethazini, na kabla nusu saa haijaisha shingo ilikuwa imeachia. Kumbe jambo hili lina jina, distonia, na vijana wa kiume ndio linaowapata zaidi, hasa siku za mwanzo. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Hapo ndipo sauti anazosikia mgonjwa zinapotulia, lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa misuli.

Akarudi nyumbani na benzeksoli. Shingo haikupinda tena, ila wiki chache baadaye mikono ilianza kutetemeka. Siku moja mashine ya kunyolea iligonga sikio la mteja, mdogo wangu akaiweka chini, akaketi, asiseme neno. Uso wake ulikuwa umeganda, hata akicheka hukujua kama anacheka. Daktari kwanza alipunguza haloperidoli, kisha akapanga benzeksoli nusu tembe asubuhi na nusu mchana. Usiku hapana, kwa sababu inafukuza usingizi. Mikono ilitulia.

Kasoro zake ni za kweli. Kinywa kilimkauka hadi anatembea na chupa ya maji mfukoni, choo kikawa kigumu (papai lilisaidia), na maandishi ya simu yakawa ukungu. Mzee mwenye shida ya mkojo au presha ya macho asiimeze kabla ya kumwambia daktari. Tena si dawa ya kumezwa milele: baada ya miezi mitatu daktari aliipunguza kidogo kidogo hadi akaiacha, na mdogo wangu yuko sawa na haloperidoli yake ndogo. Kwake naipa nyota nne.

Mama yangu mdogo yuko Bungoma. Amedungwa sindano ya dawa ya akili kila mwezi tangu mimi nikiwa darasa la sita. Yeye hakakamai. Mdomo wake unatafuna bila chakula, ulimi unachungulia na kurudi, unachungulia na kurudi. Kanisani anauficha kwa leso, na watoto humwigiza. Kituo kimoja cha afya kilimwandikia benzeksoli bila hata kumtazama vizuri, eti kutetemeka ni kutetemeka. Jamani! Kutafuna kukazidi, na akaanza kusahau, hadi siku moja akaniuliza mara tatu kama nimekula. Niliumia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimtumia hizo tembe kwa matatu, nikidhani namsaidia.

Tulimleta Nakuru. Daktari aliyempokea alimwuliza kwanza kama ana pipi au meno ya bandia mdomoni. Akamkalisha kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akamwambia, "Mama, fungua kinywa. Toa ulimi. Sasa gusisha kidole gumba kwa kila kidole, haraka." Akamtembeza mlangoni na kurudi. Kila sehemu ya mwili aliipa alama kuanzia 0 hadi 4, akaandika. Zaidi ya miaka ishirini ya sindano, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwangalia ulimi.

Alituambia hii ni diskinesia, yaani mwili kujisogeza wenyewe bila mtu kutaka, ile inayokuja kwa kuchelewa, baada ya miezi au miaka ya dawa, na kwamba benzeksoli inaweza kuizidisha. Akaipunguza taratibu hadi ikaisha, na sindano akaibadilisha na dawa nyingine ya akili, hatua kwa hatua. Alitukataza kabisa kukatiza dawa wenyewe, maana ugonjwa ungerudi na kutafuna kungeweza kuongezeka. Alitaja pia valbenazini na deutetrabenazini, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa tatizo hili hili. Nimeziulizia kwenye maduka yote ninayoyajua, sijazipata. Kwa mama mdogo, benzeksoli haipati hata nyota moja.

Kwa hiyo ukipewa tembe hizi, mwulize daktari: ni kukakamaa, ni kutetemeka, au ni mdomo kutafuna? Asipoangalia ulimi, mwambie auangalie.

Kusahau kumemtoka mama mdogo. Kutafuna bado kupo, ila kumepungua, na Jumapili iliyopita aliimba kwaya leso ikiwa begani.