Polistirini tupu na yenye ncha ya chaji: ipi inashika kwenye ulanga?

Yeyusha polistirini tupu, plastiki ambayo molekuli yake ni mnyororo mrefu wa viungo vidogo, kwenye kiyeyusho kiitwacho toluini, kisha tumbukiza kipande cha ulanga (mica, madini yanayobanduka kwa tabaka) kilichobanduliwa sasa hivi. Polistirini haishiki. Toluini inaipokea vizuri mno, kwa hiyo mnyororo hauna sababu ya kuikimbia.

Sasa mnyororo uleule upachikwe nchani kikundi kidogo chenye chaji chanya na hasi pamoja. Miaka ya 1980 mwanasayansi Jacob Klein na wenzake walipima jambo hili kwa kusogezeana nyuso mbili za ulanga ndani ya myeyusho. Ncha inang'ang'ania ulanga, mwili wote unabaki ukielea. Minyororo ikisongamana hulazimika kusimama wima, kama nywele za brashi, na nyuso huanza kusukumana zingali mbali. Kikundi kimoja tu kati ya mamia ya viungo! Ila mnyororo ukiwa mrefu sana ncha huelemewa, na idadi ya minyororo inayoshika kwa kila eneo hupungua.

Kuzuia chembe zinazoelea kwenye kimiminika zisigandamane, ningechukua yenye ncha. Ile tupu nayo hushika ukitumia saikloheksani, kiyeyusho duni kwake, lakini hapo hulala, viungo vingi vikigusa ulanga.