TAHADHARI: Betri za tochi za "9900mAh". Mimi nimeshapigwa

Ndugu zangu, ukikutana na mtu mtandaoni anauza betri za kuchaji za tochi, zile nene za 18650, zimeandikwa 9900mAh (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) na bei shilingi 8,000 moja, usitume hela. Mimi nimetuma. Betri nne, 32,000, na 5,000 ya kusafirishia kwa basi kutoka Dar mpaka hapa Morogoro.

Baba yangu mdogo ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la mahindi. Tochi yake ilikuwa inawaka vizuri, ikifika dakika kumi inafifia inakuwa kama kibatari. Akiizima akaipumzisha, inawaka tena kwa nguvu, kisha inarudi kule kule. Yeye kesi yote aliipeleka kwa swichi. Nikaifungua. Nikasugua springi na ncha za betri kwa kifutio cha penseli, nikapitisha spiriti, nikakaza mkia wake. Bado. Mwisho nikachomoa betri ya taa yangu ya nyumbani nikaiweka humo: tochi ikawaka zaidi ya saa nzima bila kutetereka. Basi tochi haina kosa. Betri yake ilikuwa na miaka minne na inachajiwa karibu kila siku, ilikuwa imechoka tu.

Hapa wengi tunadanganyika, na muuzaji analijua hilo. Betri ya lithiamu ikichoka, ukinzani wake wa ndani, yaani kile kinachozuia umeme kupita, unapanda. Ukiipima kwa multimita ikiwa imekaa bila kazi, itakuonyesha volti 4.1 na utaapa ni nzima. Ukiiwashia taa, volti zinaporomoka palepale. LED nyeupe inataka kama volti 3, kwa hiyo kadiri zinavyosogea huko, mwanga unakufa. Ukizima, volti zinapanda tena kidogo, nawe unarudi kuilaumu tochi ya watu.

Nikaanza kutafuta betri mpya. Nikaangukia ukurasa una picha kali, "boss mzigo mpya, ogi kabisa, zimebaki chache". Sehemu ya maoni imefungwa. Hapo ningeshtuka, sikushtuka. Na ile 9900 nayo ningeshtuka nayo, maana nilikuwa nalijua jambo lenyewe nusunusu: 18650 maana yake kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, na kwenye umbo hilo viwanda vinavyoaminika vimekaa miaka mingi vikiishia karibu 3500mAh. 9900 ndani ya kigaloni kile haiingii hata ukishindilia. Lakini bei ilikuwa tamu, na baba mdogo alikuwa ananipigia kila siku.

Zikaja. Plastiki ya rangi ya chungwa inang'aa, kila kitu kipya. Nikaziweka kwenye chaja ya ampea moja, dakika 40 chaja ikasema zimejaa. Betri ya 3000mAh ya kweli kwenye chaja hiyo inachukua saa tatu na zaidi. Hiyo 9900 ilipaswa kushinda hapo kutwa nzima! Nikajipa moyo kwamba labda zimekuja na chaji yake. Saa nane usiku simu inaita: "Mwanangu, hii mpya uliyoniletea, ile mbovu yangu umeitupa wapi?"

Kesho yake nikaazima mizani ya jirani anayeoka keki. Betri nzima ya 18650 huwa na gramu 45 hadi 48 hivi. Mbili kati ya zangu zilikuwa na gramu 28 na 29. Hizo ndani huwa kuna kibetri kidogo, nafasi iliyobaki imejazwa takataka. Fundi wangu ameshawahi kukuta unga mweupe. (Msizipasue wenyewe kutafuta huo unga. Lithiamu ikiguswa vibaya inawaka.) Mbili nyingine zilikuwa na gramu 44, nikasema angalau hizi. Nikachuna plastiki kidogo kwenye ncha, nikakuta vidoti viwili viwili vya kulehemu na kutu kidogo. Hizo ni betri za laptopu ya zamani, zimeng'olewa, zikavikwa gauni jipya.

Fundi ana chaja inayopima ujazo. Zile nyepesi zilitoa 520 na 480. Zile za laptopu 1,130 na 970. Zote nne ukizijumlisha ni 3,100, hazifiki hata betri moja nzuri ya 3500.

Nikamwandikia muuzaji. Kwanza: "Boss tochi yako ndo mbovu." Nikamtumia picha za mizani. Akasema nirudishe mzigo, ila nitangulize 10,000 ya usumbufu. Nikamwambia aikate kwenye hela yangu. Hapo ndipo aliponiblock.

Hata ndogo za AA zina mchezo huohuo. Za kuchaji za volti 1.2 zilizo nzuri huishia kwenye 2500, kuna zinazofika 2800. Ukiona imeandikwa 4600, anayekuuzia anakuuzia namba.

Sasa hivi baba mdogo anatumia betri iliyoandikwa 3000 tu, 15,000 dukani, ina gramu 46. Muuza duka aliiweka kwenye tochi mbele yangu, akaiwasha, akaipima volti huku inawaka, akanipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Akikataa kukupimia huku taa inawaka, toka dukani. Na risiti itunze, maana ukienda Tume ya Ushindani (FCC) kulalamikia bidhaa bandia utaulizwa ulinunua wapi. Mimi nilikuwa na ujumbe wa muamala tu, wenye jina ambalo halifanani hata na la ule ukurasa.

Zile nne nimezifunga utepe kwenye ncha, ziko kwenye kopo la mchanga nje ya nyumba. Kama nawe unazo, usizichaji usiku ukiwa umelala, usizichanganye na betri nyingine kwenye tochi moja, na usizitupe kwenye moto wa taka.

Jina la ukurasa sitaji, kwa sababu halitawasaidia. Jana nimeangalia kwa simu ya mke wangu, ameshabadilisha jina na picha. Betri sasa zimekuwa 12000mAh. Kilichobaki ni "boss mzigo mpya", na maoni bado yamefungwa.