Kiboksi cha Meno ya Papa wa Kale, Kigoma Mjini: Mawili Halali, la Tatu Gundi

Kwenye meza ya mapambo na mawe karibu na stesheni ya reli, Kigoma, kinauzwa kiboksi cha mbao chenye kifuniko cha kioo na meno matatu ya papa ndani. Bei ya kuanzia ni shilingi 60,000. Mkipatana hushuka hadi 45,000.

Kadi yake imeandikwa "Megalodoni (papa mkubwa mno aliyetoweka zamani), Ziwa Tanganyika". Itupeni. Ziwa letu ni la maji baridi na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Jino kubwa la kiboksini lina zaidi ya miaka milioni 50. Ni la Otodus obliquus, papa wa kale ambaye meno yake hupatikana kwa wingi kwenye migodi ya fosfeti ya Khouribga, Moroko. Pitisha ukucha kwenye makali: ya megalodoni yana mikato midogo kama ya msumeno, haya ni nyororo, tena kila upande wa ncha kuna kijino kidogo cha pembeni. Ukoo ni mmoja lakini, ndiyo maana wataalamu wengi humwita megalodoni Otodus megalodon.

Jino hilo, sm 5.5, ni zima: enameli (gamba gumu la nje) haijabanduka, na mzizi una vitundu vya asili. Rangi yake ya asali hutokana na madini ya udongo lilimolala, si umri, kwa hiyo "jeusi ndilo la kale zaidi" ni maneno ya biashara. La pili ni jembamba kama mwiba, ncha imemeguka kidogo. Linafaa.

Tatizo ni la tatu, lililokaa juu ya jiwe. Dondoshea tone la maji kwenye jiwe, mbali na jino: linanywewa mara moja. Dondoshea pale jino lilipoungana na jiwe: tone linasimama. Hapo pana gundi iliyochanganywa na mchanga. Pamba yenye asetoni (ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha) ikishikizwa dakika mbili hutoka na ubandiko wa kahawia, na chini yake mzizi unaonekana kuwa wa jino jingine. Mizizi huvunjika kirahisi wakati wa kuchimba, ndipo mafundi huunga vipande.

Kwa mtafiti, kiboksi hiki hakina thamani kubwa. Mifupa ya papa ni gegedu (laini kama la sikio), huoza. Meno ndiyo hubaki, na papa mmoja huangusha maelfu maishani. Kutokana nayo hukadiriwa urefu wa mwili na hata chakula chake, lakini lazima ijulikane jino lilitoka tabaka gani, mahali gani. Hapa hakuna hata jina la mgodi. Kwa mwalimu wa sayansi, hata hivyo, meno mawili ya kwanza ni kifaa kizuri cha darasani.

Usiyasafishe kwa limao wala siki, kama watu wanavyosugua shaba: asidi hula enameli na mzizi. Brashi laini ya mswaki na maji yanatosha, kisha yakauke kivulini, kwani jua kali huyapasua.

Kwa 45,000 bei ni ya juu. Omba jino la tatu libadilishwe kabla ya kulipa. Muuzaji hukubali, ila hapokei kitu kilichokwisha kuondoka mezani.