Ziara ya Berlin ya historia ya Kamati ya 1897: mwongozaji hodari, njia yenye pengo

Ziara ya kutembea kwa miguu jijini Berlin inayosimulia historia ya harakati za haki za wapenzi wa jinsia moja, ikiwemo ya Kamati iliyoundwa mwaka 1897 kuzitetea, ni huduma ninayoipendekeza kwa dhati, ingawa ina pengo ambalo waendeshaji wake wangeweza kuliziba bila gharama kubwa. Mwongozaji wetu amebobea katika somo lake, sauti yake inasikika vyema hata kando ya barabara yenye magari mengi, na hakukwepa swali lolote aliloulizwa.

Pengo lenyewe ni kwamba ziara inaanzia kwenye moto. Tulikusanyika Bebelplatz, uwanja uliokuwa ukiitwa Opernplatz, tukainama juu ya kioo kilichotandazwa chini na kuona ndani ya ardhi rafu nyeupe, tupu kabisa, ambazo zingetosha vitabu 20,000. Hapo ndipo tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi walipochoma vitabu, vikiwemo vya taasisi ya utafiti wa masuala ya jinsia ya daktari Magnus Hirschfeld, mwanzilishi mmojawapo wa Kamati hiyo, iliyovamiwa na kuporwa siku nne kabla. Mwongozaji alieleza hata jinsi sanamu ya kichwa cha Hirschfeld ilivyobebwa kwa maandamano hadi kwenye moto huo. Maelezo hayo yalitugusa sote, lakini mgeni asiyeijua historia hii anaweza kuondoka akidhani kwamba Hirschfeld na wenzake wanakumbukwa kwa sababu tu waliangamizwa.

Ukweli ni kwamba walikuwa wamekwisha kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 30. Tarehe 15 Mei 1897, katika makazi ya Hirschfeld huko Charlottenburg, ambayo sasa ni sehemu ya Berlin, yeye pamoja na mchapishaji Max Spohr, Eduard Oberg aliyekuwa mtumishi wa reli, na mwandishi Franz Joseph von Bülow waliunda Kamati ya Kisayansi na Kibinadamu, ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa chama cha kwanza duniani cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Shabaha yao ilikuwa kufutwa kwa Kifungu cha 175, kilichofanya mapenzi kati ya wanaume kuwa kosa la jinai na kuwapa matapeli mwanya wa kuwakamua watu fedha kwa vitisho vya kuwashtaki. Waliandika ombi kwa Bunge, wakazunguka na karatasi hiyo kwa madaktari, wanasheria na maprofesa, na kadiri miaka ilivyokwenda walipata saini za watu kama Albert Einstein na Thomas Mann. Tangu 1899 walichapa pia kitabu cha mwaka chenye tafiti na habari za harakati zao. Kazi hii ya subira, ya barua na saini, ilipewa dakika chache mno.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba mwanasiasa aliyelitetea ombi hilo Bungeni mwaka 1898 ni August Bebel, ambaye uwanja tuliosimama juu yake umepewa jina lake, nasi tuliondoka pale bila kuambiwa. Vilevile hatukuelezwa kwamba mwaka 1929 kamati ya Bunge ilipiga kura kukiondoa kifungu hicho, ingawa uamuzi huo haukufika kwenye Bunge zima kabla Wanazi hawajashika madaraka.

Sehemu ya mwisho, kando ya mto Spree, imepangwa vizuri sana. Kwenye ukingo unaoitwa kwa jina la Hirschfeld yamesimama maua sita makubwa ya rangi mbalimbali, na hapo mwongozaji alitulia na kueleza kwamba Wanazi walikikaza Kifungu cha 175 mwaka 1935, kwamba Ujerumani Magharibi iliendelea kukitumia hivyo hivyo hadi 1969, na kwamba kilifutwa kabisa mwaka 1994 tu.

Charlottenburg haimo kwenye njia ya ziara. Ninamshauri msomaji aende mwenyewe kabla, kwa treni ya U7 hadi Richard-Wagner-Platz, kisha atembee hadi Otto-Suhr-Allee namba 93, ambako kuna nguzo ya ukumbusho mahali Kamati ilipoanzishwa. Avae viatu vya kutembelea, kwa kuwa mapumziko ya kukaa ni machache na wazee wa kundi letu walichoka.