Banda la mpira nyuma ya soko la Stereo, Temeke: kampeni tatu za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) nimezitazamia humu

Nimeingia vibanda umiza vingi vya Temeke, yaani mabanda ya kutazama mpira kwa kiingilio, na kwa mwanamke si jambo jepesi. Unaingia, macho yote yanakugeukia, unatafuta pa kukaa hupaoni, mwisho unatazama mpira ukiwa umesimama mlangoni. Banda ninalolisifia leo halina kibao wala jina. Liko nyuma ya soko la Temeke Stereo, ukishapita mafundi cherehani, limeezekwa mabati yaliyopakwa rangi ya bluu. Nilianza kwenda Machi 2019 kwa ajili ya baba yangu. Magoti yake hayawezi tena ngazi za Uwanja wa Mkapa, na nyumbani hataki kutazama Stars, timu yetu ya taifa, peke yake. Kwake mpira ni watu.

Wiki za kalenda ya FIFA, ligi ya Uingereza inaposimama kupisha mechi za timu za taifa, vibanda vingi vya mtaani kwetu hufungwa au huonyesha filamu. Mwenye banda hili, ambaye sote tunamwita Mjomba, hizo ndizo wiki zake. Siku ya mechi ya kufuzu anafagia, anamwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, anatoa viti vya plastiki vipya na kuvipanga mbele. Kiingilio ni buku, yaani shilingi elfu moja, siku za kawaida mia tano. Wazee hawalipi. Picha inatoka kwenye projekta na kupigwa ukutani, kubwa na safi, na sauti ni ya mtangazaji wa Kiswahili, haizimwi ili kupisha muziki.

Ila kilichonifunga hapa ni ukuta wa kushoto. Mjomba ameandika kwa rangi ya mafuta historia yote ya Kombe la Mataifa ya Afrika kama anavyoijua. Juu kabisa: Khartoum 1957. Timu zilikuwa tatu tu, Misri, Sudan na Ethiopia, kwa sababu Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi iliondolewa. Misri waliwafunga Ethiopia 4–0 kwenye fainali, na mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Ad-Diba. Chini yake ameyapigia mstari mwekundu majirani zetu: Ethiopia bingwa 1962, Sudan bingwa 1970, Uganda waliofika fainali mwaka 1978 wakafungwa na Ghana 2–0 mjini Accra. Vijana wengi wanaokaa humu hawakuwa wakijua kwamba ukanda wetu uliwahi kushika kombe hili. Wanalijua kwa sababu ya ukuta.

Halafu inakuja 1980, na hapo ndipo baba yangu na Mjomba walipofahamiana. Siku ya kwanza baba aliusoma ukuta polepole, mikono nyuma, kama mtu anayesoma majina ya msiba. Alipofika Lagos 1980 akasimama. Mjomba alikuwa ameandika kwamba Stars walifungwa mechi zote tatu. Baba akamwita. "Mwanangu, hapa umetudhulumu. Nigeria walitufunga tatu kwa moja, kweli. Misri mbili kwa moja, kweli. Lakini Ivory Coast tulitoka nao moja moja, akafunga Thuweni Ally." Mjomba hakubishana. Alisema, "Samahani sana, mzee wangu," akaleta stuli na kopo la rangi, akafuta na kuandika upya mechi ikiwa bado haijaanza. Nimeona maofisini watu wakikosolewa jambo dogo kuliko hilo wakanuna wiki nzima.

Tangu hapo baba ana kiti chake, na kabla ya kila mechi ya kufuzu lazima aisimulie Ndola. Agosti 1979 alikuwa kuli bandarini. Stars walikuwa wameifunga Zambia 1–0 hapa Dar es Salaam, wakaenda kurudiana Ndola chini ya kocha Joel Bendera. Walisikiliza redio moja watu zaidi ya ishirini, na Zambia walipotangulia kufunga, kuna mtu aliinuka akaenda zake hakutaka kusikia mengine. Peter Tino akasawazisha. Ikawa 1–1, tukafuzu. Baba husisitiza jambo moja ambalo vijana hulisahau: fainali zile zilikuwa za timu nane tu. Nigeria waliingia kama wenyeji, Ghana kama mabingwa watetezi, zikabaki nafasi sita kwa bara zima, na njia ilikuwa ya mtoano, nyumbani na ugenini. Leo ni timu 24 na kuna makundi, ukiteleza leo unaamka mechi ijayo. Mimi nakubaliana naye kwamba ile ya 1979 bado ndiyo kubwa kuliko zote.

Baada ya hapo Mjomba ameandika miaka tu, kuanzia 1982 mpaka 2017, fainali 19, na mbele ya kila mwaka hakuna kitu, maana hatukufuzu. Ukikaa mbele yake, ukuta ule unauma.

Machi 24, 2019 tulihitaji mawili ili tufuzu: tuifunge Uganda, ambao walishafuzu, na Lesotho wasishinde kule Cape Verde. Mjomba alimkalisha kijana mmoja karibu na projekta, kazi yake simu tu, kutangaza matokeo ya Praia, huko Cape Verde. Msuva, Nyoni kwa penati, Aggrey Morris: 3–0. Kijana yule akawa anapaza sauti kila baada ya muda, "Bado sufuri sufuri!" na banda zima linaitikia. Ilipoisha hivyo hivyo, baba alifunika uso kwa kofia yake. Miaka 39. Mjomba alimletea kahawa na kashata, hakutaka hela.

Sasa kasoro, maana nazo zipo na wanaokuja lazima wajue. Umeme. Septemba 2023, tuko ugenini Annaba, Algeria, tunatafuta sare ili twende Ivory Coast, kipindi cha pili taa zikazimika. Jenereta lilichukua muda kuwaka, kisha king'amuzi nacho kikaanza upya kutafuta mawimbi. Dakika kama kumi tulikaa gizani tukiwasikiliza wenye simu. Tulitoka 0–0 na tukafuzu, lakini dakika zile sizisahau. Mjomba ameshanunua betri kubwa ya kushikilia king'amuzi, hilo nampa haki yake.

Kuna nguzo katikati. Ukichelewa utakaa nyuma yake na goli la kulia hutaliona kabisa. Mlango ni mmoja, na banda likijaa hilo linanitia hofu, nimemwambia na nitaendelea kumwambia atoboe wa pili. Choo kiko nje, kimoja, na kwa muda mrefu hakikuwa na komeo. Sasa limewekwa, baada ya sisi wanawake watatu kulisemea. Joto ni kali, feni mbili hazitoshi. Mihogo ya kukaanga ya mama wa mlangoni ni mitamu, ya moto, kachumbari na pilipili haibani, ila huisha kabla ya mapumziko.

Na kuna jambo la banda hili ambalo hakuna fundi wa kulirekebisha, wala mimi nisingetaka lirekebishwe. Uwanja wa Mkapa hauko mbali, na picha ya king'amuzi huchelewa. Novemba 19, 2024 tulikuwa tunacheza na Guinea mechi ya mwisho ya kundi. Wao pointi 9, sisi 7, sare inawatosha wao. Dakika ya 61 mpira kwenye ukuta wetu ulikuwa bado unazunguka tu, mara ukaja mngurumo wa uwanja mzima juu ya mabati. Tuliinuka wote hatujaona chochote. Baba alinishika mkono, akaniambia, "Ni letu hilo." Tukasubiri tumesimama, kimya, mpaka Msuva akafunga mbele ya macho yetu. 1–0, tunakwenda Morocco.

Ukutani Mjomba aliacha nafasi ya Morocco, na nyingine pana zaidi ya 2027, fainali zitakapokuja Tanzania, Kenya na Uganda.

Fika saa nzima kabla. Lete hela ndogo ndogo, chenji ni ya shida. Viti viwili vya mbele upande wa feni ni vya wazee, usivikalie hata kama viko wazi.